Mshika Mbili Moja Humponyoka

Kuna sifa moja ya uongo inayoenea kati yetu, nasi tunataka kuipinga waziwazi. Ni sifa ya kijana anayejivunia kufanya kazi tatu kwa dakika ileile: anaandika hesabu za duka, anajibu ujumbe wa simu, na papo hapo anamhudumia mteja. Tunamwita hodari. Tunakosea.

Akili ya mwanadamu haishughulikii mambo mawili ya kufikiri kwa pamoja. Huruka kutoka moja hadi jingine, na kila mruko una gharama yake. Mwaka 2009 watafiti Eyal Ophir, Clifford Nass na Anthony Wagner wa Chuo Kikuu cha Stanford, huko Marekani, waliwapima watu waliozoea kutumia vyombo vingi vya habari kwa wakati mmoja. Tungetazamia kwamba mazoea hayo yamewapa wepesi wa kuhama kutoka kazi hadi kazi. La! Walihama polepole kuliko wenzao, tena mambo yasiyohusika yaliwavuruga kwa urahisi zaidi. Mwaka uleule Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu aachapo kazi moja na kushika nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki nyuma.

Wengine watatujibu: “Maisha ya Kongo yanadai kazi nyingi, tunaishi kwa kifungu cha 15, yaani jitafutie.” Ni kweli, wala hatumlaumu anayefundisha asubuhi na kuuza makala jioni. Huyo ana kazi mbili, lakini kila moja ina saa yake. Tunamlaumu anayezichanganya. Muuguzi anayepima dawa huku akisoma simu, dereva wa pikipiki anayeongea na rafiki huku amebeba abiria: makosa yao hulipwa na nani? Hulipwa na mgonjwa na abiria, ambao hawakuulizwa lolote.

Basi tuanze sisi wenyewe. Wakati wa hesabu, simu izimwe na kuwekwa mbali. Ujumbe upewe saa yake baadaye. Katika mikutano ya vikundi vyetu, simu zote ziwekwe kapuni mlangoni. Tena tuache kumsifu kijana kwa wingi wa mambo aliyoyashika. Tumuulize ni lipi amelimaliza vema.