Tusishangilie Kitanzi
Sisi wakazi wa Sagana na Nyeri tunakijua kitanzi. Dedan Kimathi alihukumiwa Nyeri mwaka 1956, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Hata hivyo, kila habari za mauaji zinapovuma, utawasikia wanafunzi, na hata walimu wao, wakidai muuaji anyongwe.

Laiti wangetazama kwanza filamu ya mwaka 1988 ya mwelekezi wa Poland, Krzysztof Kieślowski, iitwayo Krótki film o zabijaniu, yaani Filamu Fupi Kuhusu Kuua. Kijana anamuua dereva wa teksi bila sababu. Kisha serikali inamnyonga kijana huyo. Kieślowski hamtetei muuaji, wala hayafichi mateso ya dereva. Anatulazimisha kuyatazama mauaji yote mawili hadi mwisho. Ya pili yanatisha kama ya kwanza, kwani yanatekelezwa kwa utaratibu, na watumishi wa umma, kwa niaba ya raia.

Poland ilimnyonga mtu wa mwisho mwaka uo huo wa 1988. Kenya haijamnyonga yeyote tangu 1987, lakini hukumu hiyo ingali katika sheria zetu. Walimu, waonyesheni wanafunzi wa kidato cha nne filamu hii, kisha mjadala uanze. Anayekitaka kitanzi na akitazame kwanza.