Mbawakawa wa Mafunjo Yetu Waandikwe Nyumbani

UKINGONI MWA ZIWA
Na Mwajuma Nahimana

Pale Mugere, jirani na Kabezi, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, liko jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley, waliopita hapo Novemba 1871. Wageni wawili waliolala siku chache tu wameandikwa kwenye mwamba. Wakazi wa kudumu wa mwambao huu, wale wadogo wanaoishi kwenye mafunjo na matete, wengi wao hawajaandikwa popote.

Leo nawasemea wadudu hao, hasa mbawakawa wa kinamasi, ambao wataalamu huwaweka katika familia ya Scirtidae. Ni wadudu wa milimita chache, mara nyingi wa kahawia, wenye vinyweleo laini na kichwa kilichoinama hata ukiwatazama kwa juu hukioni vizuri. Wale wa jenasi ya Scirtes wana mapaja manene ya nyuma; ukiwagusa wanaruka kama kiroboto. Utotoni huishi majini. Buu lao lina papasi ndefu zenye pingili nyingi mno kuliko za mabuu ya mbawakawa wengine, na mdomoni lina vitana vya kukusanyia mabaki ya majani yaliyooza.

Kuthibitisha kwamba umepata spishi mpya ni kazi ya subira. Mtafiti hupitisha wavu kwenye majani au huwasha taa usiku. Mdudu hugundishwa kwenye kikadi, maana ni mdogo mno kuchomwa pini, na chini yake huwekwa lebo: mahali, tarehe, jina la aliyemkamata. Kwa nje spishi nyingi hufanana, hivyo dume hupasuliwa chini ya hadubini na viungo vyake vya uzazi huchorwa; hapo ndipo tofauti hujitokeza. Kisha hulinganishwa na vielelezo vya zamani. Asipofanana na yeyote, mdudu mmoja huteuliwa kuwa kielelezo cha msingi, na jina lake hutangazwa kwa utaratibu unaohesabiwa tangu kitabu cha Linnaeus cha 1758.

Sisi tunakwama kwenye kulinganisha. Mwaka 1953 Pierre Basilewsky, bingwa wa mbawakawa kutoka makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, alizunguka Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za enzi hizo, akikusanya wadudu. Safari hiyo ilizaa mfululizo mzima wa makala za kisayansi, na spishi kadhaa zikapata majina kwa mara ya kwanza. Naiheshimu kazi hiyo. Lakini makusanyo yake yako Tervuren, na kijana wa Rumonge anayetaka kuyaona kwa macho yake lazima kwanza atafute viza na nauli ya ndege.

Asiwepo wa kusema kwamba wageni walishamaliza kila kitu. Chura wa Bururi mwenye vidole virefu, Cardioglossa cyaneospila, hakuwa ameonekana na wataalamu tangu 1949. Mwishoni mwa 2011, David Blackburn na Eli Greenbaum walimpata tena katika msitu wa Bururi, milimani juu ya Rumonge. Ikiwa chura anayelia usiku alijificha miaka 60 na zaidi, sembuse mdudu asiye na sauti?

Najua wapo watakaoniuliza: maji ya ziwa yamevamia nyumba za watu, ndagala hazishikiki bei, nawe unatuletea habari za wadudu? Swali ni la haki, na jibu langu ni kwamba mambo hayo hayatengani. Mafunjo wanamoishi wadudu hao ndiyo yanayonasa udongo unaoteremka kutoka milimani. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walionyesha kwamba pale matope yanapoingia ziwani kwa wingi, aina za viumbe vya majini hupungua. Kanuni ya Maji ya 2012 imetenga mita 150 kando ya Tanganyika zisiguswe. Sheria tunayo. Tunachohitaji sasa ni orodha ya wanaoishi ndani ya mita hizo, kwa sababu mafunjo yakifyekwa kabla hatujaandika, hatutaweza hata kuhesabu hasara.

Kwa hiyo naomba Chuo Kikuu cha Burundi na ofisi ya taifa ya kulinda mazingira, OBPE, wasimamie uchunguzi wa wadudu wa mwambao huu, na kielelezo cha msingi cha kila spishi mpya kitunzwe nchini. Tervuren nao watupe picha safi za vielelezo vilivyotoka kwetu. Kuanza hakuhitaji mabilioni: wavu, taa, spiriti, hadubini na mwalimu anayejua kazi. Wakata mafunjo wa Kabezi, wanaoingia kinamasini kila siku, waajiriwe kama wakusanyaji na walipwe. Kazi ianze msimu huu wa mvua, kutoka Kabezi kushuka hadi Rumonge, pale ambapo mafunjo bado yamesimama.