Sarafu juu ya sindano inaua santuri

Santuri zimerudi sebuleni. Anayepata mashine kuukuu ya Technics SL-1200, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1972, hujiona ameokota dodo chini ya mwarobaini. Huichomeka kwenye umeme, huweka santuri, na sindano ikianza kuruka hubandika sarafu juu ya kichwa cha mkono. Muziki hutulia, na uharibifu huanza.

Tabia hii ikome. Mkono wa mashine ya santuri hupimwa kwa sehemu za kumi za gramu. Katriji, yaani kifaa kinachoshika sindano, ya Ortofon 2M Red, kwa mfano, hutakiwa kukandamiza santuri kwa gramu 1.8, isipungue 1.6 wala kuzidi 2.0. Sarafu ya kawaida peke yake huzidi mzigo huo zaidi ya mara mbili, na mzigo wote unaangukia ncha ndogo ya almasi inayosugua kuta za mfereji.

Wapo pia wanaopunguza uzito kupita kiasi wakidhani wanaihurumia santuri. Nao wanakosea. Sindano nyepesi mno hupoteza mguso na kugongagonga kuta za mfereji, hasa sauti inapopanda, na makovu yake hayafutiki.

Kazi ya kupima uzito huo haihitaji fundi bingwa. Kwanza kizuizi cha mvuto wa pembeni huwekwa sifuri. Kisha chuma cha mviringo kilicho nyuma ya mkono huzungushwa taratibu mpaka mkono uelee wenyewe, usizame wala usipande. Hapo pete yenye namba huwekwa sifuri bila kukigusa chuma, halafu vyote viwili huzungushwa pamoja hadi kwenye uzito uliotajwa na mtengenezaji wa katriji. Mizani ndogo ya kidijitali huthibitisha, kwa kuwa namba za pete huweza kudanganya. Mwisho, kizuizi kile hurudishwa kwenye namba inayolingana na uzito huo, maana santuri inapozunguka huuvuta mkono kuelekea katikati, na ukuta mmoja wa mfereji huumia kuliko mwingine.

Inabaki pembe ya katriji. Erik Löfgren wa Sweden alichapisha hesabu zake za pembe hiyo mwaka 1938, na hadi leo karatasi za kupimia zenye alama mbili hufuata kazi ya aina hiyo. Katriji ikikaa upande, ukali hujitokeza kwenye wimbo wa mwisho, karibu na lebo.

Kwa Afrika Mashariki suala hili ni zito. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad wa Zanzibar na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi, na santuri za enzi hiyo, za mizunguko 78 kwa dakika, zina mifereji mipana inayotaka sindano yenye ncha nene mara tatu au nne kuliko ya kawaida. Zile ndogo za mizunguko 45 zilizotoka Nairobi miaka ya 1970 nyingi hazichapishwi tena. Ikiharibika moja, haina mbadala dukani.

Kwa hiyo muuzaji anayekabidhi mashine ya santuri bila kumpimia mteja mkono ameuza nusu ya bidhaa. Mteja naye adai huduma hiyo kabla ya kulipa, na anunue mizani kabla ya kufikiria spika kubwa zaidi.