Kamera Isiyoijua Njia ya Ukumbini

Husemwa mara kwa mara kwamba muziki wa dansi hauonyeshwi mubashara katika televisheni kwa sababu kumbi zi mbali, vyombo ni vizito, gharama ni kubwa na watazamaji ni haba. Maneno haya yamerudiwa hata yamepata heshima ya ukweli. Lakini katika sababu hizo nne, ya kwanza hukanushwa kila msimu wa ligi. Temeke ndiko uliko uwanja mkubwa wa taifa uliofunguliwa mwaka 2007, na Temeke hiyo hiyo ndiko Chamazi, ambako kituo cha Azam TV, kilichoanza kazi mwaka 2013, kimerusha mechi nyingi. Kamera huenda huko kwa magari mazima, na nyaya zake, na taa zake, na watangazaji wawili wawili. Ukumbi wa TCC Chang'ombe, ambako Msondo Ngoma na Mlimani Park walipambana mara kadhaa katika usiku wa sikukuu, hauko mbali na uwanja huo. Gari liwezalo kufika kwenye goli laweza kufika kwenye gitaa.

Badala ya muziki, mtazamaji hupewa kivuli chake. Mwimbaji husimama mbele ya kamera, sahani huzungushwa, naye hufumba na kufumbua kinywa akiifuata sauti yake mwenyewe iliyotangulia kuimba siku nyingi nyuma. Mchezo huu huitwa pleibeki. Waliocheza dansi Kinondoni zama za Vijana Jazz wangalidai kiingilio chao mlangoni. Wala haya si matusi kwa vijana: kijana wa singeli aketiye mbele ya kompyuta, akiikimbiza midundo huku mwenzake akibuni maneno papo kwa papo, anapiga muziki hasa, kwani aweza kukosea mbele ya watu. Palipo na uwezekano wa kukosea ndipo palipo na muziki mubashara. Pleibeki haiwezi kukosea, na kwa hiyo haiwezi kupatia.

Kinachokosekana ni kikubwa. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na ndiyo iliyokuja kuwa Msondo. Mlimani Park, Sikinde, ilianzishwa mwaka 1978. Nyimbo zao aghalabu huanza taratibu, waimbaji wakipokezana kisa cha mke, cha mjomba, au cha deni. Kisha huja chemko. Gitaa la solo na la pili husukana kama ukili, besi hushika chini, tarumbeta hujibu, na mwimbaji huyataja majina ya walioketi mezani mpaka mmoja wao hunyanyuka kwenda kumtunza. Redio Tanzania Dar es Salaam ilifanya kazi ya kushukuriwa kwa kuzirekodi bendi hizi studioni zikipiga kwa pamoja. Hata hivyo studioni hapana anayetunzwa, wala anayecheza, wala wimbo hauongezwi kwa kuwa watu wamekataa uishe. Nusu hiyo ya sanaa ilibaki ukumbini na kuzimwa pamoja na taa.

Bara haikupata kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Mbaraka Mwinshehe alikuwa amekwisha kufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Marijani Rajabu, aliyeitwa Jabali la Muziki, alifariki mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya chombo hicho kuingia. Kwa hao udhuru upo. Marekani, mnamo Septemba 1970, televisheni ya umma ya New York ilipeleka kamera katika ukumbi wa Fillmore East, ikaipiga picha Allman Brothers Band, vijana kutoka Kusini waliokuwa bado hawajapata umaarufu mkubwa. Mpiga gitaa wao Duane Allman alikufa Oktoba 1971, akiwa na umri wa miaka 24. Vidole vyake vinaonekana hata leo kwa sababu watu fulani hawakungoja awe maarufu kwanza. Ni nani leo atakayemwonyesha mwanafunzi wa gitaa vidole vya Mbaraka?

Baada ya 1994 udhuru huo haupo tena. Muhidin Gurumo, aliyeimba NUTA tangu mwanzo wake na kuwa miongoni mwa waasisi wa Mlimani Park, aliishi mpaka Aprili 2014: miaka 20 ya televisheni, yenye Jumamosi zaidi ya 1,000. Ni ngapi kati ya hizo zilizomkuta na kamera ukumbini, akiimba usiku mzima mbele ya wachezaji wake?

Hoja ya gharama hujibiwa na Texas, ambako kituo cha umma cha mji wa Austin kimekuwa kikirekodi wanamuziki wakipiga mbele ya watu katika kipindi kimoja tangu miaka ya 1970. Kituo cha umma cha Tanzania nacho kina wenyewe, nao ni wananchi. Hofu iliyo nzito zaidi ni ya wanamuziki wenyewe: bendi huishi kwa kiingilio, na anayeona bure sebuleni huenda asipande daladala ya Chang'ombe. Hofu hii ni ya haki, na haijibiwi kwa sifa za kuhifadhi utamaduni. Inajibiwa kwa mkataba ulioandikwa, na kabla ya taa ya kamera kuwashwa, ujira wa mpiga tumba uwe umekwisha kulipwa.