Wenyeji na Wageni wa Bunkeya

Hapa Katuba husikika mara nyingi swali hili: «Wewe ni mtu wa wapi?» Kuuliza asili ya mtu si vibaya. Lakini swali hilo laweza kugeuka fimbo mkononi mwa mwenye hasira. Basi tulipime kwa habari za kijiji kimoja, Bunkeya, kilicho kaskazini ya Likasi, katika Jimbo la Lualaba la leo.

Hapo kale nchi ile ilikuwa ya Wasanga. Katikati ya karne ya 19 alifika Ngelengwa, mwana wa Kalasa, kutoka upande wa Unyamwezi, katika nchi iitwayo leo Tanzania. Baba yake alikuwa akija kununua shaba. Watu wake waliitwa Wayeke, maana yake wawindaji. Ngelengwa, ndiye Msiri, akajifanya mfalme, na Bunkeya ikawa mji wake mkuu. Hapo walikutana wachuuzi wa pwani ya mashariki na wale wa Bihe kutoka Angola, wakitafuta pembe, shaba na watumwa. Wake zake na mateka wake walitoka katika makabila mengi. Mwaka 1886 akafika pia Mskoti Frederick Arnot, mmisionari wa Kiprotestanti.

Lakini mji uliokusanywa kwa nguvu hutawanyika upesi. Mwaka 1891 Wasanga waliasi, na njaa ikaingia. Tarehe 20 Desemba mwaka ule Msiri alipigwa risasi na Kapteni Bodson, wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa faida ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Naye Bodson akafa kwa jeraha alilolipata hapo. Watu wakakimbia huku na huku. Wengine walimfuata mmisionari Dan Crawford, ambaye baadaye alijenga Luanza, kando ya ziwa Mweru. Wayeke nao wakahama pamoja na Mukanda-Bantu, mwana wa Msiri. Yeye alipofariki mwaka 1910, ndipo waliporudi Bunkeya.

Tazameni sasa jambo la ajabu. Wayeke walikuwa wameoa binti za wenyeji, na watoto hujifunza kusema kwa mama zao. Basi Kiyeke kikafifia, na Kisanga kikawa lugha ya nyumbani. Aliyekuja kutawala akajifunza kusema kama aliyetawaliwa. Ni nani leo atakayetenga damu ya mgeni na damu ya mwenyeji katika nyumba moja?

Mji wetu nao ulianza mwaka 1910, na Katuba ilijengwa katika miaka ya 1950. Babu zetu walitoka Kasai, Luapula, Maniema na penginepo, wakifuata kazi. Hata hivyo, mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, pamoja na watoto waliozaliwa huko. Wengi walilala vituoni wakingoja treni, na wengine walikufa kabla ya kufika.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Enyi wazazi, mtoto akiwauliza asili yake, msimfiche. Mwambieni kabila la babu na kijiji cha bibi. Kisha mwambieni na habari za Bunkeya, ili siku atakapomwuliza mwenzake «Wewe ni mtu wa wapi?» aulize kwa kutaka kumjua, wala si kwa kutaka kumfukuza.