Ubongo Haulali Hata Ukikaa Kimya

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wahenga waliponena hivyo walikuwa wakiwafikiria watu, lakini, mpenzi msomaji, methali hii yaufaa sana ubongo wako. Ukiketi kivulini Jumapili alasiri, husomi wala huzungumzi na mtu, waweza kudhani kichwa kimepumzika. Asikudanganye mtu! Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili wa mtu mzima, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu ambazo mwili hutumia ukiwa umetulia. Ukianza kupiga hesabu ngumu, matumizi hayo huongezeka kidogo tu. Je, katika kimya hicho ubongo huwa unafanya nini?

Mwaka 1924 daktari Mjerumani, Hans Berger, alinasa kwa mara ya kwanza mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu, akayatangaza mwaka 1929. Mawimbi hayo yaliendelea hata mtu alipofumba macho na kutulia. Mwaka 1990, Seiji Ogawa alionyesha kwamba mashine ya MRI, ipigayo picha kwa sumaku kubwa, yaweza kutofautisha damu yenye oksijeni nyingi na iliyopungukiwa. Kwa kuwa sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu zaidi, wataalamu sasa waliweza kuiona ikichangamka.

Mwaka 1995, Bharat Biswal na wenzake huko Marekani waliwalaza watu ndani ya mashine hiyo bila kuwapa kazi yoyote. Waligundua kwamba sehemu inayoongoza mkono wa kulia na ile inayoongoza wa kushoto, ingawa ziko pande mbili tofauti za ubongo, zilipanda na kushuka pamoja polepole hali mikono imetulia tuli. Ni kama nyumba mbili ambazo taa zake hufifia na kung'aa kwa pamoja usiku kucha. Hata usipouona waya, utajua zina uhusiano. Mwaka 2001, Marcus Raichle na wenzake walieleza kundi la sehemu ambazo huchangamka mtu anapokuwa hana shughuli, kisha hupoa anapopewa kazi.

Kipimo chenyewe hakina maumivu. Unavua kila chuma, zikiwemo shanga za Kimaasai zilizofumwa kwa waya, kwa sababu sumaku ile haina mzaha. Unalala chali, unaambiwa usisinzie, na kwa dakika kadhaa hutakiwi kufanya lolote. Mgonjwa asiyeweza kusoma, kuhesabu wala kuelewa maagizo marefu naye apimika. Kwa njia hii watafiti wamelinganisha bongo za watu wenye kifafa, wenye maradhi ya kusahau ya uzeeni na wenye huzuni nzito, na zile za watu wazima wa afya.

Lakini haya yanamhusuje mtu wa Illasit, mji wa mpakani chini ya Mlima Kilimanjaro, ambako ukivuka tu uko Tarakea, Tanzania? Chukulia una jamaa huko. Simu inakufikia Kitengela: mtoto wa ndugu yako ameanguka mara ya tatu, akatetemeka na kutokwa na povu. Mmoja anasema ni mapepo. Mwingine anasema apelekwe Nairobi, zaidi ya kilomita 200, apigwe picha ya ubongo. Ng'ombe ameshatajwa kuuzwa, na wewe wa mjini unaulizwa mchango wako.

Kabla hujatuma hizo pesa, fahamu jambo hili. Picha za ubongo uliotulia huonyesha tofauti baina ya makundi ya watu. Kwa mgonjwa mmoja mmoja bado hazitoshi kutamka ugonjwa, ingawa katika baadhi ya hospitali kubwa za ng'ambo huwasaidia madaktari wanaopanga upasuaji. Tena, mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba kutikisa kichwa kidogo tu ndani ya mashine huweza kuleta tofauti za uongo. Ni mtoto gani atulie kama gogo?

Kifafa hutambuliwa kwanza kwa maelezo ya aliyeshuhudia. Mwambie ndugu yako aandike kilichotangulia, kilidumu dakika ngapi na kilianza upande gani wa mwili. Mwenye simu apige video. Kisha waende hospitali ya Loitokitok, na daktari ndiye ataamua kama kuna haja ya kupima mawimbi ya ubongo au kupiga picha ya kutafuta kovu au uvimbe. Mtoto akianguka alazwe ubavu, asitiwe kijiko kinywani, na kifafa kikizidi dakika 5 akimbizwe hospitali.

Dawa zipo. Fenobabitali imetumika tangu mwaka 1912, nayo ni ya bei nafuu. Shirika la Afya Duniani husema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Ajabu ni kwamba mwaka 2009 watafiti walipopita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, upande wa pili wa mlima huo huo, walikuta wengi wenye kifafa hawatumii dawa. Kilifi nako, watafiti wa KEMRI wamekuta hali kama hiyo.

Basi, mpenzi msomaji, mchango wako utume. Lakini uanze na nauli ya kwenda Loitokitok na dawa za mwezi hadi mwezi bila kukatiza. Ng'ombe naye abaki zizini; maziwa yake yatamfaa mtoto.