Hakuacha Asili, Alinyang'anywa

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Katika familia nyingi za pwani methali hiyo inachoma, kwa kuwa yuko babu wa karne ya 19 aliyetiwa utumwani na ambaye hatajwi. Ukiuliza alitoka wapi, unajibiwa "bara huko", na mazungumzo yanaishia hapo. Sisi tunasema babu huyo hakuacha asili yake. Alinyang'anywa. Aibu si yake wala ya wajukuu zake, na habari zake zinatafutika.

Zinatafutika kwa sababu waliompokea waliandika. Mkataba wa 1873 ulifunga soko la watumwa la Unguja. Manowari za Waingereza zikakamata majahazi baharini, na mateka wengi wakashushwa Freretown, Mombasa, makazi yaliyoanzishwa 1875. Bagamoyo, mapadre walikuwa wamefungua misheni tangu 1868. Huko kote watu walibatizwa, wakaoa, wakazika, na madaftari yakajazwa. Amri ya 1897 iliwapa watumwa wa Zanzibar haki ya kudai uhuru mahakamani, na madai nayo huacha karatasi. Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, zimehifadhi hati nyingi za zama hizo.

Lakini daftari lina mitego. Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusindikiza maiti ya mpelelezi Livingstone hadi Uingereza mwaka 1874, tunamjua kwa jina la Kizungu. Ukimtafuta babu kwa jina la ukoo tu, utapita ukurasa wake bila kumtambua. Kabila nalo hudanganya: aliyeandikwa "Mnyasa" ametajwa kwa Ziwa Nyasa, na kando ya ziwa lile wanaishi watu wa makabila mengi.

Kwa hiyo anza na wazee. Uliza majina yanayorithishwa, chakula ambacho ukoo haukili, na maneno ya lugha ya bara yaliyosalia katika nyimbo za kubembelezea watoto. Mwiko mmoja wa ukoo waweza kukuonyesha kabila ambalo karani hakuliandika.

Wenye madaftari nao wana wajibu. Makanisa yapige picha kila ukurasa kabla mchwa na hewa ya chumvi havijamaliza kazi. Nakala zipelekwe nyaraka za taifa za Kenya na Tanzania, na mjukuu aruhusiwe kusoma bila kulazimika kujuana na mkubwa yeyote.

Karatasi zinaweza kusubiri miaka michache. Wazee hawasubiri. Bibi mwenye miaka 90 leo alilelewa na watu waliomwona babu huyo kwa macho yao. Mwendee wiki hii na daftari lako mwenyewe, umwulize, uandike.